Mlezi wa Mnyoo wa Matende

Mwaka 2000 Tanzania ilipoanza kampeni ya kitaifa ya kutokomeza matende na mabusha, ilianzia Mafia. Watu wa kisiwani walimezeshwa kingatiba ya ivamektini na albendazoli. Dawa hizo hufagia vijiminyoo vinavyoelea kwenye damu nyakati za usiku, ila mnyoo mzazi hubaki ndani ya mishipa ya limfu, akaishi miaka na kuzaa tena. Ndiyo maana kingatiba hurudiwa kila mwaka.

Siri ya uzazi wake ilianza kufichuka mbali sana na Mafia. Mwaka 1924, huko Marekani, Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach waliona bakteria ndani ya mbu wa jamii ya Culex. Mwaka 1936 Hertig akampa jina: Wolbachia. Binamu wa mbu yule ndiye anayezaliana kwenye mashimo yetu ya vyoo na kusambaza matende pwani, naye pia humbeba bakteria huyo.

Bakteria hawa hurithiwa kwa mama, kupitia yai, na huvuruga uzazi kwa faida yao. Dume wa mbu mwenye bakteria akimpanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Kwa utitiri nimeona la ajabu zaidi: Brevipalpus, mharibifu wa chai na michungwa, huzaa majike karibu watupu. Mwaka 2001 watafiti walichapisha sababu: bakteria wa aina nyingine hugeuza madume kuwa majike. Utitiri ulipopewa antibiotiki, madume yakaanguliwa.

Kumbe mnyoo wa matende naye ana Wolbachia wake, na bila huyo hazai, na hatimaye hufa. Ushahidi mzito ulitoka pwani yetu, Pangani, ukachapishwa mwaka 2005. Wanaume 72 walishiriki. Baadhi walimeza doksisaiklini, antibiotiki inayomuua bakteria huyo, miligramu 200 kila siku kwa wiki 8. Kwenye picha za ultrasaundi, minyoo hai huonekana ikichezacheza ndani ya mishipa ya limfu ya mfuko wa korodani. Baada ya miezi 14, kwa wengi waliomeza dawa ile, haikuonekana tena.

Tatizo ni hizo wiki 8. Kisiwa kizima hakiwezi kumezeshwa vidonge kila siku kwa miezi miwili, tena wajawazito na watoto wadogo hawapewi doksisaiklini. Tangu 2007 watafiti wanaoongozwa kutoka Liverpool wanatafuta dawa ya kumuua bakteria huyo kwa siku chache. Naamini hakuna utafiti ambao watu wa Mafia na Pangani wana haki zaidi ya kuudai.