Roketi ya utotoni yarudi ikiwa kubwa

Msikilizaji, kuna mchezo mmoja huko Marekani ambao ukiusikia kwa mara ya kwanza unaweza ukacheka. Mtu mzima, pengine mwenye wajukuu, anatafuta kijiroketi cha karatasi cha aina aliyokuwa akichezea miaka ya 1960, anakipima kwa rula kila upande, kisha anaingia bandani kwake kutengeneza kingine cha umbo lile lile, ila kikubwa mara mbili, mara tatu au zaidi. Hanunui kilichokwisha tengenezwa. Pua ya roketi anaikereza mwenyewe, mapezi anayakata mwenyewe, hata maandishi ya ubavuni anayachora upya yafanane na ya zamani. Siku ya mapumziko anakipeleka uwanjani na kukirusha.

Usicheke bado. Nyuma ya mchezo huo pana historia ya watoto walioumia, na kesi iliyochukua miaka tisa mahakamani.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, na vijana wa Kimarekani wakashikwa na wazimu wa roketi. Walichukua mabomba ya chuma, wakayashindilia unga wa zinki na salfa au vichwa vya viberiti, wakawasha. Homer Hickam, kijana wa mji wa machimbo wa Coalwood, West Virginia, ambaye baadaye alikuwa mhandisi wa NASA, ameeleza jinsi jaribio lake la kwanza lilivyolipua uzio wa bustani ya mawaridi ya mama yake. Yeye alipona. Lakini bomba la chuma lililojaa baruti likipasuka halina tofauti na bomu, na si wote waliobaki na vidole vyao. Nasi tusijifanye wageni wa mambo haya. Nani asiyewajua watoto wanaojaza vichwa vya viberiti kwenye spoku ya baiskeli wakisubiri Idi?

Ajabu ni kwamba dawa ilikwisha patikana miaka mitatu kabla ya Sputnik. Katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, alikuwapo muuza viatu aitwaye Orville Carlisle, mpenzi mkubwa wa fataki. Ndugu yake Robert alipenda kuunda ndege za mfano. Mwaka 1954, kutokana na mapenzi ya ndugu hao wawili, Orville aliunda kijiroketi chenye mwili wa karatasi, mapezi ya mti mwepesi, na ndani yake injini ndogo ya baruti iliyoshindiliwa. Chuma hakuna. Injini ikisha kuungua unaitoa na kutia nyingine. Kijiroketi kikifika juu, baruti kidogo iliyosalia inaisukuma pua itoke, mwavuli unafunguka, na chombo kinarudi chini salama.

Mapema mwaka 1957 Carlisle alisoma makala ya G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa makombora wa White Sands, New Mexico. Makala yenyewe ilihusu usalama wa kazi ya roketi. Carlisle akamwandikia na kumpelekea vijiroketi vyake. Stine akaona mara moja kilichokuwa mkononi mwake. Kutokana na barua hiyo ukazaliwa mchezo wenye sharti moja kubwa: mtoto atengeneze kila kitu kwa mikono yake, isipokuwa injini. Injini itoke kiwandani, na iwashwe kwa waya na betri, mwashaji akiwa amesimama mbali.

Tatizo likawa ni nani atakayeshindilia injini za kutosha. Akapatikana Vernon Estes, wa familia ya watengeneza fataki mjini Denver. Alibuni mashine akaipa jina la kike, Mabel, na mwanzoni mwa 1959 ilikuwa ikitoa injini moja kila sekunde tano na nusu. Mwaka 1961 Estes alihamia Penrose, Colorado, na kutoka huko vifurushi vya roketi viliwafikia watoto wa Marekani kwa njia ya posta. Vingine vilipendwa mno, kama Big Bertha, chenye urefu wa sentimita 61. Mwaka 1969, mwaka wa kutua mwezini, kikaja cha Saturn V kwa kipimo cha moja kwa mia.

Hao ndio watoto waliokuja kuwa wazee wetu wa bandani. Na hapo hesabu inaingia, tena hesabu isiyo na huruma. Ukirefusha roketi mara mbili na kuinenepesha mara mbili kila mahali, ngozi yake inakuwa mara nne, lakini uzito unakuwa mara nane. Big Bertha ina uzito wa gramu 60 hivi bila injini. Ndugu yake mkubwa mara mbili atakaribia nusu kilo. Injini za mchezo huu hupewa herufi, na kila herufi kikomo chake ni mara mbili ya ile iliyotangulia. Mdogo anaruka kwa C. Hesabu mwenyewe: D, E, F. Hatua tatu za mara mbili ndizo mara nane, kwa hiyo mkubwa anataka F.

Mti mwepesi wa balsa nao hautoshi tena. Mapezi hukatwa kwa plaiwudi, yakapenya ukuta wa bomba la karatasi hadi kugandishwa kwenye bomba la ndani linaloshika injini. Tena kuna suala la mizani. Roketi huruka wima ikiwa kitovu cha uzito kiko mbele ya mahali upepo unapoikamata. Umbo likikuzwa bila kubadilika, mahali pa upepo hapahami, lakini injini nzito inauvuta uzito nyuma. Ndiyo maana wengi hutia risasi ndani ya pua. Hesabu ya kutafuta mahali hapo pa upepo ilitolewa mwaka 1966 na James Barrowman, mhandisi wa NASA, pamoja na mkewe Judith. Kabla ya hapo watu waliifunga roketi kwa uzi na kuizungusha juu ya kichwa. Kwa ndogo njia hiyo bado inafaa.

Zile kubwa kabisa hazitumii baruti. Zinatumia mafuta makavu yaliyochanganywa na mpira, na hapo ndipo serikali ilipoingia. Idara inayosimamia pombe, tumbaku na silaha iliyaweka mafuta hayo katika orodha ya vilipuzi, na mwenye kuyataka akahitaji kibali. Mwaka 2000 vyama viwili vya roketi viliishtaki. Ikaja Septemba 2001, ikaja sheria kali zaidi ya vilipuzi mwaka 2002, na mtu wa roketi akatazamwa kwa jicho la shaka. Hofu ya serikali naielewa. Lakini hawa walikuwa wamekulia katika mchezo uliobuniwa makusudi kuwatoa watoto kwenye mabomba ya chuma. Tarehe 16 Machi 2009 Jaji Reggie Walton aliamua kwamba mafuta yale hayastahili kuhesabiwa kuwa kilipuzi.

Siku arobaini baadaye, tarehe 25 Aprili 2009, fundi wa bodi za magari kutoka Ohio, Steve Eves, alisimamisha kwenye shamba moja huko Price, Maryland, Saturn V aliyoiunda mwenyewe kwa kipimo cha moja kwa kumi, yaani mara kumi ya ile ya Estes. Ilikuwa na urefu wa mita 11 na uzito wa kilo 750 hivi. Injini tisa ziliwashwa kwa pamoja. Ilipanda zaidi ya mita 1,300, miavuli ikafunguka, ikashuka taratibu shambani mbele ya maelfu ya watazamaji.