Vyakula vya Meru na Embu na afya ya kongosho: yanayojulikana na yanayodhaniwa

KATIKA soko la Gakoromone mjini Meru, na vivyo hivyo katika vituo vya mabasi vya Embu, si vigumu kumpata muuza mitishamba anayeahidi kuponya kisukari kwa unga wa majani au kwa maji ya gome lililochemshwa. Wapo pia wanaonya kinyume chake: kwamba mhogo huleta kisukari, kwamba maharagwe huchosha tumbo, kwamba miraa hukausha mwili. Madai haya yote yanahusu kiungo kimoja ambacho ni wachache wanaoweza kukionyesha kilipo mwilini, nacho ni kongosho.

Kongosho ni tezi yenye urefu wa takriban sentimita 15, iliyolala nyuma ya mfuko wa chakula. Ina kazi mbili. Kwanza, humimina ndani ya utumbo vimeng'enya vinavyovunjavunja wanga, mafuta na protini. Pili, vikundi vidogo vya seli zake, ambavyo Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka wa 1869, hutoa homoni ya insulini inayoruhusu sukari kutoka damuni na kuingia katika seli. Insulini ilitambuliwa Toronto, Kanada, mwaka wa 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alikuwa amehukumiwa kifo.

Mbali na kisukari, tezi hii hupatwa na uvimbe wa ghafla au wa kudumu, na pia saratani. Uvimbe husababishwa zaidi na pombe na vijiwe vya nyongo. Saratani yake huchochewa na tumbaku, unene wa kupita kiasi na kisukari cha muda mrefu, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshachelewa. Ni vyema mambo haya yatajwe mapema, kwa sababu mjadala wa vyakula hauna maana iwapo pombe na sigara zitasahauliwa.

Mhogo na sianidi

Katika nyanda kavu za Mbeere, kuanzia Kiritiri hadi Ishiara, mhogo ni akiba ya mwaka wa njaa. Mahindi yakikauka, mhogo husalia ardhini. Lakini mmea huu hujilinda kwa kemikali. Ndani ya mizizi na majani yake mna kiungo kiitwacho linamarini, ambacho mhogo ukikatwa au kusagwa hugeuka na kutoa sianidi, sumu kali. Mihogo michungu huwa na sumu nyingi kuliko mitamu, na ukame huizidisha. Kwa maneno mengine, mhogo huwa hatari zaidi katika mwaka uleule ambao watu hawana kingine cha kula.

Mwili unaweza kuiondoa sianidi kidogo kidogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayotokana na protini. Anayekula mhogo pamoja na kunde, maziwa au mayai ana kinga ambayo anayekula mhogo mtupu hana.

Hapo ndipo dhana ya kongosho ilipozaliwa. Tangu miaka ya 1950 madaktari katika nchi za joto walikuwa wakiona vijana waliokonda, wenye maumivu ya tumbo, wenye kisukari, na ambao kongosho zao zilikuwa zimejaa vijiwe ingawa hawakuwa walevi. Huko Indonesia ugonjwa huo ulielezwa mwaka wa 1959. Jijini Kampala, daktari A. G. Shaper wa Hospitali ya Mulago aliuandikia mwaka uliofuata akiuhusisha na upungufu wa protini. Katika jimbo la Kerala, India, ambako mhogo ni chakula cha maskini, wagonjwa walikuwa wengi mno, na mwaka wa 1979 watafiti McMillan na Geevarghese walidai kwamba sianidi ya mhogo ndiyo inayoiharibu tezi hiyo. Dhana hiyo ilipokelewa kwa haraka. Mwaka wa 1985 Shirika la Afya Duniani liliingiza kisukari cha utapiamlo katika orodha ya aina rasmi za kisukari.

Jibu lililo karibu zaidi na Embu lilitoka Tanzania. Mkoani Mara, wilayani Tarime, wanavijiji walikuwa wamekula mhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo kiasi cha kupatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na sianidi. Iwapo mhogo unaleta kisukari, basi hapo ndipo kilipaswa kuonekana. Timu ya Andrew Swai iliwapima wanakijiji hao, na mwaka wa 1992 ikatangaza kwamba kisukari hakikuwa kingi kwao kuliko kwa Watanzania wengine wa vijijini. Utafiti wa Afrika Magharibi wa mwaka wa 1987 ulikuwa umefikia hitimisho la aina hiyohiyo. Mnamo 1999 Shirika la Afya Duniani likaiondoa aina ile ya kisukari katika orodha yake. Katika miaka ya 2000 wanasayansi waligundua kwamba wengi wa wagonjwa wa India na Bangladesh walikuwa na kasoro katika jeni iitwayo SPINK1, ambayo kwa kawaida huizuia kongosho isijimeng'enye yenyewe.

Hata hivyo kesi haijafungwa kabisa. Aprili 2025, katika mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kukitambua kisukari cha utapiamlo kwa jina jipya: kisukari cha aina ya tano. Mshukiwa safari hii ni njaa yenyewe, hasa ile ya utotoni, wala si mhogo. Kwa eneo kama Mbeere, ambako ukame hurudi kila baada ya misimu michache, tofauti hiyo ni kubwa. Mkulima hana sababu ya kung'oa mihogo yake kwa kuhofia kisukari. Ana sababu nzuri, hata hivyo, ya kuimenya, kuiloweka kwa siku kadhaa ikiwa ni michungu, kuikausha vyema au kuichemsha na kuyamwaga maji, na kuwakataza watoto wasiitafune mbichi, kwani sianidi huua na hulemaza hata kama kongosho haina habari.

Maharagwe, njahi na mbaazi

Githeri na mukimo ndivyo vyakula vinavyoitambulisha sehemu hii ya Mlima Kenya, na bila jamii ya kunde vyote viwili havipo. Mbegu hizi nazo zina silaha zake. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana lektini, protini inayoweza kumtapisha na kumharisha mtu aliyekula punje chache tu zisizoiva. Yana pia vizuizi vya tripsini, kimojawapo cha vimeng'enya vya kongosho. Panya waliolishwa soya mbichi maabarani walipatikana na kongosho zilizovimba kwa kulazimika kutoa vimeng'enya zaidi na zaidi.

Matokeo hayo ya panya yamewatia watu hofu isiyo na msingi. Binadamu hali soya mbichi. Maharagwe yakiloweka usiku kucha, maji yale yakamwagwa, kisha yakatokota kwa nguvu, lektini huvunjika na vizuizi hupungua mno. Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika miinuko ya Meru maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, hivyo maharagwe ya Timau yanahitaji muda mrefu jikoni kuliko ya Mombasa. Wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa kuni wanapaswa kuyatokosha kwanza motoni, la sivyo joto la wastani huiacha sumu ikiwa hai.

Yakiisha kuiva, maharagwe, njahi na mbaazi ni miongoni mwa vyakula bora kwa mwenye kisukari. Nyuzinyuzi zake na aina ya wanga uliomo hupunguza kasi ya sukari kuingia damuni, na kongosho hupata nafuu ya kutotoa insulini nyingi kwa mkupuo mmoja. Ndizi mbichi za kupika, ambazo Meru huzitoa kwa malori, zina wanga wa namna hiyo pia, ingawa hupungua kadiri ndizi inavyoiva. Mtama na wimbi vina tanini na viungo vingine vinavyochelewesha umeng'enyaji. Inasikitisha kwamba mtama mweupe wa aina ya Gadam, ambao wakulima wengi wa nyanda za chini wamehimizwa kuupanda, umetafutiwa soko katika kiwanda cha bia zaidi ya kwenye sufuria ya uji.

Miraa na muguka

Hakuna mmea unaozua ubishi zaidi ya huu. Miraa ya milima ya Nyambene na muguka wa Mbeere ni mmea mmoja kibotania. Muguka ni majani machanga na laini, ilhali miraa huuzwa kama vijiti vilivyofungwa mafungu. Kiungo chake kikuu, kathinoni, kilitambuliwa katika maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 1975. Huchangamsha ubongo, huongeza mapigo ya moyo na kuondoa njaa. Huharibika upesi majani yanapokauka, na hiyo ndiyo sababu ya magari yanayotoka Maua kwa kasi ya kuogofya yakiwa yamebeba shehena iliyofungwa kwa majani ya mgomba.

Je, miraa huathiri kongosho? Wapo watafunaji wanaoamini kwamba huteremsha sukari, kwa kuwa mtu asiyekula hana sukari ya kupanda. Tafiti za Yemen na za eneo la Jazan nchini Saudi Arabia hazikubaliani, lakini baadhi zimewaonyesha watafunaji wenye kisukari wakiwa na udhibiti mbaya wa sukari kuliko wasiotafuna. Si lazima kathinoni yenyewe ndiyo iwe na hatia. Anayetafuna usiku kucha huruka mlo, huteremshia kwa soda au chai yenye sukari nyingi, husahau saa ya dawa, na asubuhi baadhi huitafuta pombe ili wapate usingizi. Kwa anayetumia insulini, kuruka mlo baada ya kudungwa kunaweza kumzimisha.

Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, na Rais William Ruto akasema amri hizo hazikuwa na nguvu ya kisheria, mabishano yalihusu vijana, akili na mapato ya wakulima. Wagonjwa wa kisukari wanaotafuna hawakutajwa sana, ingawa nao wana haki ya kuambiwa ukweli na daktari asiyewakaripia.

Kahawa huuzwa, chai hunywewa

Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Tangu watafiti wa Uholanzi walipochapisha matokeo yao mwaka wa 2002, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa hupatwa na kisukari cha aina ya pili mara chache kuliko wasiokunywa, na hata kahawa isiyo na kafeini huonyesha dalili hiyo. Asidi ya klorojeni hutajwa kuwa sababu mojawapo. Huo ni uhusiano tu, si uthibitisho kwamba kahawa ni kinga. Ni kichekesho kidogo, hata hivyo, kwamba mkulima huipeleka kahawa yote kiwandani kisha akarudi nyumbani kunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari.

Kutoka mti hadi dawa

Wauza mitishamba hawakosei wanaposema kwamba dawa hutoka kwenye mimea. Metformini, kidonge kinachotumiwa zaidi kwa kisukari cha aina ya pili, chimbuko lake ni kemikali za mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na Mfaransa Jean Sterne alionyesha manufaa yake kwa wagonjwa mwaka wa 1957. Paklitakseli, inayotumiwa dhidi ya saratani ya kongosho, ilipatikana kwanza katika gome la mti wa Marekani. Tofauti iko katika kipimo. Kidonge kina kiasi kinachojulikana, ilhali kijiko cha unga wa sokoni kinaweza kuwa na kidogo mno au kingi mno, na hakuna aliyekipima.

Manjano ni mfano mzuri. Maabarani, kiungo chake cha rangi huua seli za saratani ya kongosho. Jijini Houston, wagonjwa 25 walipewa gramu 8 zake kila siku katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008. Wawili tu ndio waliopata nafuu ya kuonekana, mmoja wao kwa muda mfupi, kwa sababu kiungo hicho hakifyonzwi vizuri na utumbo. Manjano ni kiungo kizuri cha mchuzi, basi. Mtu akipata manjano ya macho bila maumivu, mkojo mweusi na kukonda kusikoeleweka, anahitaji kupigwa picha hospitalini, iwe Meru au Embu, wiki hiyo hiyo.

Kwa kisukari cha aina ya kwanza hakuna mmea unaofanya kazi ya insulini. Seli zinazoitengeneza zimekufa, na mtoto anayeachishwa sindano ili ajaribu mitishamba anaweza kufariki katika muda wa siku chache. Familia nyingi za nyanda za chini hukabiliwa na tatizo jingine, nalo ni joto. Chupa ya insulini inayotumika hudumu takriban wiki nne ikiwa haijazidi nyuzi 30, na Mbeere hupita hapo mchana. Pasipo umeme, wauguzi hufundisha njia ya zamani: chungu kidogo cha udongo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, maji yakinyunyiziwa mchangani asubuhi na jioni, kisha kitambaa kibichi juu na chungu kiwekwe kivulini penye upepo.