Mawese ya Kongo katika Injini ya Dizeli

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, jaribio ambalo, kwa maelezo ya Rudolf Diesel mwenyewe, lilitokana na hamu ya serikali ya Ufaransa ya kupata nishati ndani ya makoloni yake ya Afrika. Hata hivyo mafuta ya mimea ni mazito, hayanyunyiziki vizuri ndani ya silinda, na huacha masizi kwenye nozeli. Dawa ilipatikana Ubelgiji mwaka 1937, pale G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipopewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa njia ya kuchanganya mawese ya Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji, na alkoholi ili gliserini, ambayo ni kimiminika kizito, ijitenge na kuacha mafuta mepesi, ambayo leo huitwa biodizeli. Mwaka 1938 basi la abiria lilisafiri kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Leuven. Historia za uvumbuzi huu hazipaswi kuwasahau wachuma chikichi, kwani mwaka 1931 tu Wapende, jamii ya eneo la Kwango nchini Kongo, wakiwa wamechoshwa na kodi na kazi ya shuruti katika michikichi, walikuwa wameasi, na jeshi la kikoloni likawaua mamia.