Tasa zinazozaa nambari zote

MWANAFUNZI mmoja wa chuo kikuu, mkaazi wa Kitengela, aliniuliza swali juzi tukiwa kwenye matatu ya kwenda Kajiado. Mkononi alikuwa na tangazo la mihadhara miwili ya utafiti wa hisabati: mmoja kuhusu nadharia ya nambari, wa pili kuhusu udhibiti wa mifumo inayobadilika kila wakati. "Mwalimu," akasema, "haya mambo kweli yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili, ama tunajidanganya tu?"

Swali hilo si geni. Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili ni lugha ya soko na siasa, eti hisabati ni ya Kiingereza. Historia ya maneno yetu haiwaungi mkono.

Tuanze na kuhesabu kwenyewe. Waswahili wa kale walisema tandatu, fungate na kenda kabla ya sita, saba na tisa kuingia kutoka Kiarabu. Fungate limebaki kuwa jina la siku za maarusi baada ya harusi, ambazo zilikuwa saba. Kenda nalo halijafa. Nenda soko la Kitengela: mama wa Kikamba au wa Kikuyu akihesabu nyanya kwa lugha yake, hufika kenda kabla ya kumi. Mzee wa Kimaasai naye ana tomon kwa kumi, tikitam kwa ishirini na artam kwa arubaini. Kiswahili kilibadilisha maneno matatu na hesabu haikuharibika.

Mwaka wa 1967 Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, walimu walihitaji istilahi. Shufwa na witiri, maneno yenye asili ya Kiarabu, yakawa majina ya nambari zinazogawika kwa mbili na zisizogawika. Nambari isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7 na 11, ikaitwa namba tasa.

Kijana akacheka. "Tasa? Si hizo ndizo zinazozaa zingine?"

Ana hoja. Kila nambari nzima inayozidi moja, isipokuwa tasa zenyewe, hupatikana kwa kuzidisha tasa: 12 ni 2 mara 2 mara 3. Wagiriki waliziita za kwanza, na Kiingereza kikafuata. Tena Euclid, yapata mwaka wa 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba hazina mwisho. Tulikuwa tayari ndani ya nadharia ya nambari, wala hatukuwa tumetoka nje ya Kiswahili.

Na huo udhibiti? Mwaka wa 1948 Mmarekani Norbert Wiener, akiitafutia jina taaluma ya udhibiti na mawasiliano katika wanyama na mashine, alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Usukani tunao sisi, tangu enzi za jahazi, na siku hizi umepanda barabara. Karibu na Isinya ng'ombe waliingia njiani. Dereva akaona, akapinda kidogo, akaona tena, akarekebisha. Kupima matokeo na kurekebisha kitendo kwa mujibu wake ndicho kiini cha mhadhara ule wa pili.

Basi maneno tunayo, na yanayopungua yatakopwa au kubuniwa kama yale ya awali. Tatizo ni matumizi. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini mtoto wa Kajiado bado husomea hisabati kwa Kiingereza. Hapati nafasi ya kuuliza mbona tasa zinazaa, na swali kama hilo ndilo humfanya mtu awe mwanahisabati.

Tuliposhuka Kajiado, kijana alikuwa bado anabishana na neno lile. Hakuuliza tena kama Kiswahili kinaweza.