Mashahidi wa Mlima Mwekundu

Mashariki ya mji wa Balmora kuna korongo lililochongwa na lava ya zamani, na juu yake daraja la mawe ambalo hakuna anayelikarabati. Ukivuka, utaona bomba limechomoza kwenye mwamba, na kwenye bomba kuna mkono wa kuzungusha. Uzungushe. Mwamba wa jirani unaachia, mlango wa chuma unatokeza, na ndani mvuke bado unapita kwenye mabomba kana kwamba mafundi wametoka kidogo kwenda kula. Vikombe viko kwenye rafu. Walioondoka ni watu tu, na wana zaidi ya miaka elfu tatu tangu waondoke.

Mahali hapa panaitwa Arkngthand, na hutapakuta kwenye ramani yoyote ya dunia yetu. Pamo ndani ya Morrowind, gemu ya kampuni ya Bethesda iliyotoka mwaka 2002, ya tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls. Waliojenga mahali hapa ni Wadwemer, taifa la wahandisi wasioabudu miungu, walioishi chini ya ardhi na kutengeneza walinzi wa shaba wanaotembea kwa nguvu ya mvuke. Siku moja, vita ikiwa imepamba moto kwenye Mlima Mwekundu, walitoweka wote kwa mpigo mmoja. Halikubaki kaburi wala mkimbizi. Wachezaji wamekuwa wakibishana juu ya jambo hilo tangu gemu ilipotoka, na wengine wanabishana kwa ukali ambao ungewafaa wanahistoria wa chuo kikuu.

Mimi kilichonivuta ni njia iliyolileta fumbo hili mpaka hapa, kwa sababu magofu ya watu waliotoweka hayakuanzia kwenye kompyuta. Fuata nyayo zake kurudi nyuma na kituo cha kwanza ni mwaka 1936, ilipochapishwa At the Mountains of Madness ya Mmarekani H. P. Lovecraft. Humo wanasayansi wanaingia mji uliofunikwa na barafu kusini kabisa mwa dunia, mji wa viumbe waliotoka kwenye nyota, na wanaisoma historia nzima ya viumbe hao kwenye michoro ya ukutani. Saa chache tu za kutembea na kurunzi, nao wanajua kila kitu: nani alipigana na nani, watumwa waliasi lini. Ni kitabu cha kutisha kweli, ila kwa upande wa akiolojia ni ndoto ya mchana. Hakuna ukuta unaosema kirahisi namna hiyo.

Rudi nyuma zaidi na utaingia Afrika. Mwaka 1885 H. Rider Haggard, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi serikalini kusini mwa bara hili, alitoa King Solomon's Mines. Wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929, ambayo wazee wengi waliisoma shuleni. Kumbuka ile barabara kuu ya kale inayokata nchi ya Wakukuana. Wenyeji wanaitumia, wameizoea, lakini aliyeijenga hawamjui. Ni wageni waliofika juzi wanaotambua kwamba hii ni kazi ya watu wa kale waliotoka mbali.

Haggard hakulitoa wazo hilo hewani. Miaka 14 kabla ya kitabu chake, mwaka 1871, Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye kuta za Zimbabwe Kuu. Alichomoa kibanzi kwenye boriti ya mlango, akakilinganisha na penseli yake. Rangi ileile, harufu ileile. Penseli ilikuwa ya mwerezi. Basi boriti nayo ni mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Aliyeuleta hawezi kuwa mwingine ila Mfoinike. Na bibi mwenye jumba hili ni Malkia wa Sheba. Hoja nzima ilisimama juu ya penseli! Washona waliokuwa wakiishi palepale hawakuhesabiwa kuwa mashahidi. Ilibidi wangoje David Randall-MacIver mwaka 1905, kisha Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, ndipo wataalamu waandike kwamba kuta hizo ni kazi ya Waafrika. Hata baada ya hapo serikali ya walowezi ya Rhodesia haikupenda kusikia. Na ndani ya magofu hayo imepatikana sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, kwani dhahabu ya bara ilikuwa ikishuka Sofala na kuingia kwenye biashara ya pwani yetu. Wajenzi wa kuta hizo hawakutoweka popote. Walikuwa na majirani, wateja na bei.

Kwa hiyo mtu anayeingia Arkngthand akiwa na historia hii kichwani anaingia na shaka. Je, hii nayo ni hadithi ya mahiri waliotoweka, na wenyeji wasiojua kitu wanaoishi juu ya magofu yao? Mwanzoni inafanana sana. Sura za Wadwemer kwenye sanamu zina ndevu ndefu zilizosokotwa kwa mistari, na aliyewahi kuona picha za mawe ambayo Austen Henry Layard aliyafukua Nimrud kuanzia mwaka 1845 atajua zimetoka wapi. Kuna hata gofu moja, ingawa si la Wadwemer, linaloitwa Ashurnibibi. Mfalme Ashurbanipal angedai haki ya jina lake. Na ndani ya gemu sheria ya dola inakataza biashara ya vyombo vya Wadwemer, na magendo yanaendelea mchana kweupe.

Lakini gemu inapokolea inafanya jambo ambalo Haggard hakulifanya: inakuzungusha kwa mashahidi, na mashahidi hawakubaliani.

Vivec, mmoja wa miungu watatu wanaotawala nchi, anasimulia kwamba mhandisi mkuu Kagrenac alitumia zana zake kwenye Moyo wa mungu Lorkhan uliokuwa umezikwa chini ya mlima, na Wadwemer wakatoweka; Nerevar, jemadari aliyekuwa akipigana nao, akafa baadaye kwa majeraha yake. Waashlander, wafugaji wanaohamahama kwenye nyika za majivu, wana simulizi yao inayorudi kwa Alandro Sul, mbeba ngao wa Nerevar. Kwao, Wadwemer waligeuka vumbi pale Nerevar alipozitumia zana zile kama alivyofundishwa na mungu Azura, na Nerevar hakufa kwa majeraha. Aliuawa na washauri wake watatu, haohao ambao leo wanaabudiwa, Vivec akiwa mmoja wao.

Nani aaminiwe? Mwenye hekalu ana vitabu, ana mji mzima wenye jina lake, na alikuwapo. Mwenye hema ana kumbukumbu ya mdomo tu. Nenda basi kwa Nibani Maesa, mwanamke mwenye hekima wa Urshilaku, kabila mojawapo la Waashlander. Atakuambia bila kuona haya kwamba baadhi ya tabiri za watu wake zimesahaulika, na atakutuma kwa makuhani waliolikimbia hekalu, kwa kuwa wao waliziandika. Hapo ndipo waandishi wa gemu walionyesha wanaijua kazi ya historia: simulizi inaziba tundu la maandishi, na maandishi yanaziba la simulizi. Halafu yapo mafundisho 36 aliyoyaandika Vivec mwenyewe. Fundisho la 29 lina orodha ya namba ambayo ukiipita haraka utadhani ni mashairi ya kiroho. Wachezaji walizitumia namba hizo kuhesabia maneno katika kila fundisho, na maneno waliyoyaokota yakaunga ungamo la mauaji. Mwenye hekalu amejishtaki ndani ya kitabu chake kitakatifu.

Hata hivyo, yupo Mdwemer mmoja aliyesalia. Yagrum Bagarn anaishi katika pango la wagonjwa chini ya mnara wa Tel Fyr, amevimba kwa maradhi, mwili wake umebebwa na miguu ya buibui wa chuma. Wenzake walipotoweka yeye alikuwa nje ya dunia hii. Ungetarajia huyu ndiye atoe jibu. Anachokupa ni makisio tu: kazi ya Kagrenac huenda ilifaulu, huenda ilishindikana. Asiyekuwapo hawezi kushuhudia, hata kama ni wa ukoo huohuo, na gemu haikumpendelea.

Skyrim, gemu ya baadaye ya mfululizo huohuo iliyotoka mwaka 2011, ilijaribu njia ya maabara. Mchawi Arniel Gane anakusanya magurudumu ya meno ya Wadwemer na kisu kiitwacho Keening, anarudia alichodhani Kagrenac alikifanya, na anatoweka mbele ya macho yako. Inasisimua, lakini haithibitishi zaidi ya kwamba Arniel naye hayupo.

Shahidi ambaye wabishi wengi wanampita yuko kwingine, katika Dawnguard, nyongeza ya Skyrim ya mwaka 2012. Wafalmer walikuwa elfi wa theluji waliofukuzwa nchini mwao, wakaomba hifadhi kwa Wadwemer, wakapewa kwa sharti la kupofushwa, kisha wakafanywa watumwa. Wazao wao bado wamejaa kwenye miji ileile ya shaba, vipofu, na wachezaji wanawaua bila hesabu ili wafikie masanduku ya hazina. Gelebor, mmoja wa wachache wa taifa hilo waliobaki na macho yao, amesimama kwenye pango la hekalu la kale na yuko tayari kueleza yaliyowapata watu wake. Kazi anayokupa, hata hivyo, inahusu ndugu yake na upinde wa kimungu. Maswali juu ya Wafalmer ni ya hiari. Unaweza kuchukua upinde na kuondoka bila kumuuliza hata moja.