Uzi wa Kanzu Yako Umetoka Wapi?

Kumi la mwisho likishaingia, mafundi wa kushona hawalali. Nenda Biashara Street hapa Mombasa baada ya tarawehe, utakuta watu wamejaa, kila mmoja anataka kitambaa cha Idi, na swali ni moja tu: "Bei gani?" Kimetengenezwa kwa kitu gani, haulizi mtu. Hebu tuulize leo, maana jibu lake lina historia yetu ndani.

Tuanzie Mogadishu, mwaka 1331. Msafiri Ibn Battuta alipofika huko aliandika kwamba mji ule una nguo zake zinazoitwa kwa jina la mji, hazina mfano, na zinapelekwa mpaka Misri. Soma tena: mpaka Misri! Sisi tuliozoea kungoja meli ituletee nguo, pwani yetu ndiyo iliyokuwa ikipeleka. Wala si Mogadishu peke yake. Kule Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Mtoto angedhani ni vya kuchezea. Kumbe ni vya kusokotea uzi.

Kazi yenyewe ni hivi. Pamba ikichumwa hutolewa mbegu, kisha huchambuliwa mpaka iwe nyepesi kama povu. Msokotaji huivuta kidogo kidogo kwa vidole, huishikiza kwenye kijiti kilichochomekwa kile kigae, halafu hukizungusha kama pia. Uzito wa kigae ndio unaofanya kijiti kiendelee kuzunguka. Usidharau hapo: unyuzi mmoja wa pamba una urefu wa sentimita mbili tatu tu, na ukiuvuta unakatika. Msokoto ndio unaozishikanisha zote zikawa uzi. Baadaye mfumaji hutandika nyuzi za urefu, huo ni mtande, na kupitisha za upana, huo ni mshindio, moja juu moja chini. Nguo moja ilimaliza siku nyingi za vidole vya watu.

Na walikuwa wajanja, wallahi. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu Waislamu wa Sofala, ambao walifuma pamba nyeupe lakini rangi hawakuwa nazo. Wakafanyaje? Walinunua nguo za rangi kutoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi mmoja mmoja, wakazifuma upya pamoja na pamba yao. Kwangu mimi huo ni ufundi, si umaskini.

Basi ujuzi huo ulikwenda wapi? Jibu moja tunalo mdomoni: merikani. Mwaka 1833 Sultan Said alifanya mkataba na Marekani, na meli za Salem, Massachusetts zikawa zinashusha Unguja majora ya pamba ngumu isiyotiwa rangi. Mashine ya kule ilisokota nyuzi kwa mamia wakati mmoja. Bibi mwenye kijiti angeshindana vipi? Merikani ikapanda na misafara hadi bara, ikawa ni pesa, ikanunua pembe, ikanunua na watu. Na pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Watumwa kule, watumwa huku, na nguo katikati. Hili vitabu vya shule hulipita haraka mno. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi, jina likabaki. Wafumaji wa Mogadishu hawakuacha kufuma, ila wengi walifuma kwa uzi ulioletwa kutoka nje.

Halafu ikaja nguo isiyohitaji shamba. Mwaka 1941 wanakemia wawili wa Uingereza, Whinfield na Dickson, walipata poliesta. Vitu vitokanavyo na mafuta ya petroli hupikwa vikawa plastiki, ile ile ya chupa za soda, ikayeyushwa na kusukumwa kwenye vitundu vidogo sana. Umeona mashine ya tambi? Ni vivyo hivyo. Haikunjamani na hukauka upesi, lakini jasho hainywi, na joto la Mombasa unalijua. Hata nyingi ya zile "hariri" za dukani ni hiyo hiyo, mnyoo haujui habari zake.

Ukitaka kuhakikisha, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uende nao mbali na kitambaa, uwashe kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Hariri ya kweli hunuka nywele zilizoungua. Poliesta hujikunja, huyeyuka, ikaacha kidonge cheusi kigumu. Usikiguse kikiwa cha moto. Mimi nilijaribu kwa kanzu niliyouziwa kuwa ni pamba tupu. Kilibaki kidonge.