PostgreSQL: shamba la mashine zenye majina ya wanyama

Hebu fikiria: programu inakubali vizuri kwenye laptop yako, lakini kwa mwenzako inagoma. Wanaojitolea kutengeneza PostgreSQL, programu huria ya kanzidata iliyotumiwa hata na Instagram, walilijua tatizo hilo. Nani angemiliki kila aina ya kompyuta? Hakuna.

Mwaka 2004 Andrew Dunstan akaanzisha "shamba" la majaribio. Ukijiunga, kompyuta yako inachukua msimbo mpya yenyewe, inaujenga, inaujaribu, kisha inatuma majibu. Kila mashine hupewa jina la mnyama. Mnyama mmoja tu akifeli, wote wanaona, na aliyebadilisha msimbo bado anakumbuka alichogusa. Kumbe kosa linanaswa mapema, kabla halijafika kwenye data za watu, pengine zako.